Pawabenki ya Gramu 200 na Hesabu Inayomuumbua Muuzaji

Tangazo lenyewe umeshaliona: pawabenki ya mAh 50,000, rangi tano, inachaji simu wiki nzima, Sh 25,000 tu, mikoani tunatuma. Chini yake watu wamejazana wakiuliza kama bado zipo. Kwa sisi mafundi wa elektroniki, hili ndilo swali tunaloulizwa kila mara: bei hii ni ya kweli? Wengi wanadhani kulijibu lazima umjue muuzaji. Mara nyingi inatosha kuwa na mzani wa jikoni na kujua kuzidisha na kugawanya.

Tuanze na kilicho ndani. Pawabenki nyingi za bei nafuu zinatumia seli za lithiamu za duara zinazoitwa 18650, zenye kipenyo cha milimita 18 na urefu wa milimita 65. Seli nzuri ya aina hiyo, iliyotoka kiwanda kinachoaminika, hubeba karibu mAh 3,500 na ina uzito wa gramu 45 hadi 50. Ukitaka mAh 50,000 unahitaji seli kama 15. Hizo peke yake zina uzito wa karibu gramu 700, kabla ya kasha, saketi na matundu ya kuchomekea waya. Wapo wanaotumia seli bapa za mfuko laini, lakini uzito haupungui sana, kwa sababu kemia ya lithiamu ndiyo inayoweka ukomo wa nishati inayoweza kukaa katika gramu moja. Sasa rudi kwenye tangazo usome maelezo ya bidhaa: uzito, gramu 200. Uzito huo unalingana na pawabenki ya kawaida ya mAh 10,000, na hapo bado tunamdhania mema.

Kanuni hiyo ibebe unapokwenda dukani. Kila mAh 10,000 hudai gramu 140 hivi za seli, na ukijumlisha kasha pawabenki nzima hufika gramu 180 hadi 220. Ikiwa nyepesi zaidi ya hapo kwa kiasi kikubwa, namba iliyoandikwa juu yake ni ya uongo. Kinyume chake hakina uhakika kama huo. Kuna pawabenki feki zilizofunguliwa zikakutwa na mchanga au vipande vya chuma vilivyowekwa makusudi kuongeza uzito. Wepesi unatosha kumkamata mwongo, ila uzito hautoshi kumsafisha.

Kuna kipimo cha pili kisichohitaji hata mzani. Zidisha mAh kwa 3.7, ambayo ni volti ya seli, kisha gawanya kwa 1,000, upate wati-saa. Pawabenki ya mAh 50,000 inakuwa na wati-saa 185. Kanuni za usafiri wa anga zinamruhusu abiria kubeba kwenye mzigo wa mkononi betri isiyozidi wati-saa 100. Kati ya 100 na 160 anahitaji ruhusa ya shirika la ndege, na zaidi ya 160 haipandi kabisa kwenye ndege ya abiria. Muuzaji anayekuhakikishia kwamba bidhaa yake ni ya 50,000 na pia inaruhusiwa kwenye ndege amesema mambo mawili yasiyoweza kuwa kweli kwa pamoja.

Haki itendeke pia kwa waaminifu. Pawabenki halali ya mAh 10,000 haitaipa simu yako 10,000 zote. Seli ina volti 3.7 na waya unatoa volti 5, kwa hiyo namba inashuka, na kiasi fulani kinapotea kama joto. Unachopata hasa ni kama 6,000 au zaidi kidogo. Kampuni zinazojiheshimu huiandika namba hiyo ndogo chini ya kasha, pembeni ya ile kubwa. Ukiziona zote mbili, hiyo ni dalili njema.

Uongo wa betri unagharimu fedha na simu kuzimika. Uongo wa flashi na memori kadi unagharimu kumbukumbu za watu, na ndio unaoniuma zaidi. Flashi ya terabaiti 2 inauzwa mtandaoni kwa Sh 15,000, unaichomeka kwenye kompyuta, na kompyuta inasoma terabaiti 2 kweli. Mnunuzi anaridhika. Kilichofanyika ni kwamba ndani mna chipu ya gigabaiti 32, pengine 64, na programu ndogo inayoisimamia imeandikwa upya ili itaje ukubwa ambao chipu haina. Kompyuta haina njia ya kujua, inaamini inachoambiwa. Ni sawa na daftari la kurasa 32 lililobandikwa jalada la kurasa 2,000: mwandishi akifika mwisho anarudi ukurasa wa kwanza na kuandika juu ya yaliyokuwapo. Picha za mwanzo zinafunguka vizuri. Za baadaye zinaonyesha jina na ukubwa, lakini ukibonyeza hazifunguki. Mpiga picha wa harusi anagundua siku bibi harusi anapodai kazi yake.

Flashi za ukubwa huo zipo. Kingston ilitangaza ya terabaiti 2 mwaka 2017, kipande kinene cha bei ya kutisha. Zimeshuka bei tangu hapo, lakini si hadi bei ya chakula cha mchana cha watu wawili. Ukinunua yoyote, ijaze yote kisha uisome yote kabla hujaiamini. Programu ya H2testw kwa Windows, na F3 kwa Linux na Mac, zinafanya kazi hiyo bila malipo. Inaweza kuchukua saa nyingi. Iache ifanye kazi usiku kucha, siku ileile uliyopokea mzigo.

Simu nazo zina ujanja uleule, kwa kuwa simu feki huandikwa gigabaiti 512 kwenye skrini huku ndani mna kidogo sana. Hapa Tanzania bonyeza *#06#, upate IMEI, yaani namba ya utambulisho wa simu, uitume kwa ujumbe mfupi kwenda 15090. Jibu litataja aina na toleo la simu. Likitaja simu nyingine, mrudishie muuzaji. Kenya ilizima simu feki mwishoni mwa Septemba 2012 na Tanzania ikafuata Juni 2016, kwa hiyo kinachopotea kinaweza kuwa simu nzima na si ubora tu.

Lakini bidhaa nyingine hazina hesabu ya gramu wala programu ya kuzipima. Viatu, friji, sofa, kiwanja. Kwa hizo ninashauri swali moja: huyu muuzaji anakula wapi? Ulizia bei ya jumla ya kitu hicho kwa wafanyabiashara watatu wasiojuana. Anayeuza rejareja chini ya bei ya jumla lazima awe na maelezo. Mengine ni halali kabisa: toleo limepitwa na wakati, boksi limefunguliwa, anahama nchi, anamaliza stoo. Maelezo halali hukaguliwa kwa macho. Kama hakuna, basi kitu kimeibwa, ni feki, au hakipo, na faida ya muuzaji ni ile fedha utakayotuma.

Nyota na sifa za wanunuzi zisikutulize haraka. Upo mchezo wa kuchukua ukurasa wa bidhaa iliyosifiwa na kupachika bidhaa nyingine juu ya sifa zilezile. Februari 2023 tume ya biashara ya Marekani, FTC, iliichukulia hatua kampuni ya The Bountiful kwa mchezo huo huko Amazon, ikatakiwa kulipa dola 600,000. Soma maneno ya wanunuzi yenyewe. Ukikuta mtu anasifu harufu ya sabuni kwenye ukurasa wa flashi, umeshajua.

Njia ya malipo ndiyo inayoamua kama kosa litarekebishika. Masoko makubwa ya mtandaoni ya nje hushikilia fedha mpaka mnunuzi athibitishe kupokea. Muuzaji anayekuvuta utoke humo mkamalizane WhatsApp anakutoa kwenye ulinzi huo, hata akikupa punguzo. Na usibonyeze kwamba umepokea kabla hujapima. Kwetu hali ni ngumu zaidi. Pesa ya simu ikishatumwa, mpokeaji anaweza kuitoa kwa wakala dakika hiyohiyo. Jina linalotokea kabla ya kuweka namba ya siri lisome polepole. Likiwa tofauti na la duka, uliza. Wafanyabiashara wadogo wengi waaminifu wanatumia namba binafsi, kwa hiyo peke yake si ushahidi, lakini mwenye duka kweli kwa kawaida ana lipa namba na anatoa risiti ya EFD, yaani ya mashine ya kodi, ambayo unaweza kuihakiki kwenye tovuti ya Mamlaka ya Mapato, TRA.

Walio mikoani ndio wanaoumia zaidi, kwa sababu wanatakiwa kulipa kwanza kitu ambacho hawajakiona. Muuzaji anasema yuko Kariakoo, Mtaa wa Aggrey. Muulize jengo gani, fremu namba ngapi, na kama ndugu yako anaweza kupita kesho asubuhi kulipa taslimu na kuchukua mzigo. Mwenye fremu atafurahi, na asiye nayo ataanza visingizio. Ukitumiwa picha ya risiti ya basi, tafuta mwenyewe namba ya ofisi ya basi hilo uulize kama mzigo umepokelewa. Usipige namba iliyo kwenye risiti hiyo. Na ukishalipa ukaambiwa mzigo umekwama forodha na uongeze Sh 40,000, usiongeze.

Kama fedha imeshatoka, dakika ni muhimu. Piga huduma kwa wateja ya mtandao wako papo hapo uombe muamala uzuiwe kabla haujatolewa, kisha tuma neno UTAPELI kwenda 15040 na ufuate maelekezo, ili namba ya tapeli ishughulikiwe. Piga picha za skrini za tangazo, mazungumzo na akaunti yake kabla hujamwandikia neno lolote la lawama, kwa sababu akishajua umegundua atafuta kila kitu. Ukiwa na picha hizo na namba ya muamala, nenda kituo cha polisi ufungue jalada chini ya Sheria ya Makosa ya Mtandao ya mwaka 2015.