Fahamu: Kwa nini Linux hupokea mapya kwa wiki mbili tu

Dirisha la kupokea mapya ni nini?

Linux, kiini cha mfumo endeshi wa kompyuta, ni programu huria: yeyote anaweza kupendekeza msimbo. Hata hivyo, kila toleo linapoanza kuandaliwa, mwanzilishi wake, Linus Torvalds, hupokea vipengele vipya kwa wiki mbili tu; kipindi hicho ndicho dirisha. Dirisha likifungwa, wiki saba au nane zinazofuata ni za kusahihisha hitilafu.

Kwa nini wachelewaji wasisubiriwe?

Wapo wanaouita utaratibu huu urasimu: kazi nzuri ikichelewa siku moja, inangoja miezi miwili. Hoja hiyo ina uzito, ila kipengele kipya huja na hitilafu zake, nazo hazionekani mpaka kitumiwe na wengi. Tena, toleo lijalo likiwa na tarehe inayokadirika, hakuna haja ya kusukuma kazi mbichi. Kwa mfano, Bcachefs, mfumo wa kuhifadhi mafaili ulioingia katika toleo la 6.7 la Januari 2024, ulizua ugomvi kwa sababu mabadiliko makubwa yaliletwa dirisha likiwa limefungwa. Mtunzaji wake alijitetea kuwa analinda data za watumiaji (utetezi usio wa kubezwa). Mwaka 2025 mfumo huo uliondolewa ndani ya Linux, na sasa unasambazwa kando.