Ukumbi wa Kaloleni na Kiapo cha Rais

Rais wa Kenya anapoapishwa, taifa zima hutazama uwanja: Uhuru Park mwaka 2002, Kasarani mwaka 2013, 2017 na 2022. Bustani ya Uhuru kule Lang'ata, bendera ya Kenya ilikopandishwa usiku wa kuamkia Desemba 12, 1963, inatunzwa kama turathi ya taifa, na ni haki yake. Lakini kabla ya kuwepo rais wa kuapishwa, ilibidi kwanza watu wadai nchi yao. Dai hilo lilitolewa hadharani katika ukumbi wa kawaida wa mtaa wa Kaloleni, Eastlands, Nairobi, na ukumbi huo unastahili hifadhi isiyopungua ile ya Lang'ata.

Aprili 23, 1950, chama cha siasa cha KAU na muungano wa vyama vya wafanyakazi, EATUC, vilifanya mkutano wa pamoja Kaloleni. Haukuwa umepita hata mwezi tangu Nairobi itawazwe kuwa jiji kwa hati ya mfalme wa Uingereza, sherehe ambazo wafanyakazi walizisusia. Makhan Singh, kiongozi wa wafanyakazi, alisimama akapendekeza azimio la uhuru kamili wa nchi za Afrika Mashariki, wala si viti vichache zaidi katika Baraza la Kutunga Sheria. Azimio likapita. Katikati ya Mei yeye na kiongozi mwenzake wa wafanyakazi, Fred Kubai, walikamatwa, wafanyakazi wa Nairobi wakagoma kwa siku kadhaa, na Singh akakaa kizuizini hadi Oktoba 1961. Alitoka miaka miwili na ushei tu kabla ya uhuru alioutaja mapema, naye Jomo Kenyatta akawa rais Desemba 12, 1964. Mtu akiuliza ofisi ya rais wa Kenya imetoka wapi, nyaraka za kikatiba zitampeleka kwenye mikutano ya katiba ya Lancaster House, London. Mimi ningempeleka kwanza Kaloleni.

Mahali penyewe ni sehemu ya ushahidi. Mtaa huu ulijengwa miaka ya 1940 kwa ajili ya wafanyakazi Waafrika: nyumba ndogo za chini zinazozunguka viwanja vya nyasi, na ukumbi katikati. Ulipakana na maisha ya kazi. Kutoka Shauri Moyo, Makongeni, Pumwani na Muthurwa, karani, fundi wa reli na mchuuzi waliweza kufika kwa miguu jioni baada ya kazi. Serikali ya kikoloni ilikusudia ukumbi uwe wa burudani na ustawi wa jamii, wenye mtaa wakaugeuza baraza lao la siasa. Mtaa ukijengwa upya ukaubakiza ukumbi peke yake kati ya maghorofa, utakuwa umelinda kuta na kupoteza maelezo ya kwa nini umati ule ulikusanyika pale na si kwingine.

Pingamizi zito kuliko yote ni la makazi. Nairobi ina uhaba wa nyumba, mabomba ya majitaka ya Eastlands yamechakaa, na mitaa ya kale ya kaunti, Kaloleni ikiwemo, imo katika mipango ya kujengwa upya. Pangani ya zamani imeshabomolewa, maghorofa yakasimama. Hoja hii siipuuzi; anayesubiri maji ya bomba hawezi kulishwa historia. Ila ukumbi na uwanja wake ni kipande kidogo cha ardhi, na kuhifadhi si kuzuia ukarabati. Hapohapo Kaloleni, maktaba ya umma ilifanyiwa ukarabati na shirika la Book Bunk kwa kushirikiana na kaunti, na sasa watoto wanasoma humo. Jengo la zamani likawa huduma mpya bila tingatinga.

Wengine husema haya ni majengo ya mkoloni, basi yaende naye. Lakini mkoloni hakupitisha azimio la 1950. Na wapo wanaoona bamba la shaba litatosha. Wajiulize mbona nyumba ya Maralal, alimokaa Kenyatta kizuizini mwaka 1961, haikubomolewa ikabaki bamba. Tanzania nayo iliitunza nyumba ya Mwalimu Nyerere ya Magomeni, nyumba ya mtaani tu, ikaifanya makumbusho. Kenya imekuwa hodari kutunza vyumba vya kiongozi mmoja, lakini haijawa hodari hivyo kutunza kumbi za wafanyakazi waliodai uhuru.

Nyenzo ipo. Sheria ya Makumbusho na Turathi ya mwaka 2006 inamruhusu waziri kutangaza jengo na eneo lake kuwa turathi inayolindwa. Kwa Kaloleni, tangazo liutaje ukumbi, uwanja ulio mbele yake na walau safu ya nyumba zinazouzunguka, na mipaka hiyo iandikwe katika kila mkataba wa ujenzi kabla mkandarasi hajapewa eneo. Wakazi washirikishwe kuichora, maana ndio wanaojua mkutano ulikuwa ukijaa mpaka wapi.