Wi-Fi ya Laptopu Ikigoma, Nani Kaizima?

Laptopu inawaka vizuri, simu iliyo mezani hapo hapo inaperuzi kwa ruta ileile, lakini kwenye kona ya skrini kumetokea alama ya ndege na Wi-Fi haishiki. Wengi hukimbilia kwa fundi. Mara nyingi hakuna kilichoharibika. Redio imeamriwa tu inyamaze.

Naiita redio kwa sababu ndiyo hasa. Ndani ya laptopu mna kadi ndogo inayotuma na kupokea mawimbi ya gigahezi 2.4 au 5, na kwenye kadi hiyo hutoka nyaya mbili nyembamba, mara nyingi mmoja mweusi na mwingine mweupe, zikipita kwenye bawaba hadi kwenye antena zilizofichwa kandokando ya skrini. Redio hiyo hula betri, tena ndani ya ndege huna budi kuizima unapoambiwa. Ndiyo maana laptopu nyingi za enzi za chapa ya Centrino, iliyotolewa na Intel mwaka 2003, zilikuwa na swichi ya kusukuma kwa kidole, pembeni au mbele, mahali ambapo hata mkoba unaweza kuisukuma. Siku hizi kazi hiyo imehamia kwenye kibodi: bonyeza Fn pamoja na kitufe chenye picha ya ndege au mnara.

Makufuli yanayoinyamazisha redio ni mawili. La kwanza ni la programu, nalo hufunguka kwa kuondoa hali ya ndege kwenye mipangilio. La pili ni la umeme. Kwenye kadi za Mini PCI Express, swichi hushusha volti ya pini ya 20 na redio hukatika. Hapo utabofya skrini mpaka uchoke. Linux ni muungwana, kwani amri ya rfkill list hukutajia ni kufuli lipi limefungwa. Kwenye Windows, amri ya netsh wlan show interfaces hukuonyesha vilevile. Swichi ikifa, wapo mafundi wanaoiziba pini hiyo kwa kipande cha selotepu, amri ya kuzima isifike, na kadi inarudi kazini.

Kama sehemu ya Wi-Fi imetoweka kabisa kwenye mipangilio, shuku draiva: iondoe kwenye orodha ya vifaa, kisha washa mashine upya ijipakie yenyewe. Kadi isipoonekana hata kwenye orodha hiyo, basi nenda kwa fundi, na mwambie kwanza aangalie kama imelegea.