UTUNZAJI WA KIUNGO CHA USUKANI WA BAISIKELI NA GOLOLI ZAKE



Tangu KNCU ilipoanzishwa mjini Moshi mwaka 1933, wakulima wengi wa mlimani wameuza kahawa yao kwa vyama vya msingi, na kuifikisha huko ni kazi ya kila mtu mwenyewe. Ndizi nazo hushuka sokoni. Mwenye baisikeli ana nafuu kubwa, lakini njia ya kutoka Marangu Mtoni kwenda Himo, na njia za Machame na Kibosho zishukazo mjini, ni za mteremko. Ukishika breki huku gunia likiwa nyuma yako, uzito wote huegemea mbele, juu ya kiungo kimoja kidogo: pale foku iingiapo katika kichwa cha fremu. Kiungo hicho kikilegea au kikikwama, huna tena amri juu ya gurudumu la mbele.

Karatasi hii yaeleza jinsi ya kukipima, kukirekebisha na kukisafisha.

1. Jinsi kiungo kilivyo

Ndani yake mna safu mbili za gololi, moja juu na moja chini, na kila safu huzunguka kati ya vikombe viwili vya chuma. Safu ya chini ndiyo ipokeayo kila pigo la jiwe, tena iko karibu na tope litupwalo na gurudumu. Kwa hiyo hiyo ndiyo huharibika kwanza.

2. Kupima

Pima kila mwezi. Kaza breki ya mbele, shika kwa mkono mwingine mahali foku inapokutana na fremu, kisha isukume baisikeli mbele na nyuma. Ukisikia mgongano mdogo chini ya vidole, kiungo kimelegea.

Kisha inua gurudumu la mbele na uinamishe baisikeli upande mmoja, halafu wa pili. Usukani wapasa kugeuka wenyewe bila kusitasita. Ukiwa mzito, kiungo kimekazwa mno. Ukigeuka vema lakini ukakwama kila upitapo katikati, vikombe vimeingia mashimo.

3. Kurekebisha

Legeza nati ya juu kabisa. Chini yake mna kikombe kinachozunguka. Kizungushe kwa mkono mpaka mgongano uishe, kisha kirudishe kidogo sana. Kizuie kwa spana moja, na kwa spana ya pili kaza nati ya juu. Pima tena, kwa kuwa nati ikikazwa huweza kukisukuma kikombe chini. Huenda ikakupasa kurudia mara mbili au tatu.

Wewe umenyaye kahawa kwa mashine ya mkono wajua jambo hili. Mashine ikikazwa mno huvunja punje. Ikilegezwa mno matunda hupita bila kumenywa. Ndivyo ilivyo kwa gololi: zikibanwa hukwaruza vikombe, na zikilegea hugonga kama nyundo. Kusudi ni kwamba mgongano usisikike, na usukani ugeuke kwa wepesi.

4. Kusafisha

Fanya kazi hii mara moja kwa mwaka, baada ya mvua za masika za Machi hadi Mei, kabla ya kubeba kahawa.

Tandika gunia chini, gololi zisipotee. Ondoa gurudumu la mbele na vyuma vya breki. Legeza kwa mizunguko michache bolti ndefu iliyo katikati ya usukani, weka kipande cha mti juu yake, ukigonge kwa nyundo mpaka kabari ya ndani ilegee, kisha uchomoe usukani. Ishike foku kwa mkono mmoja unapofungua nati na kikombe cha juu, isianguke pamoja na gololi. Weka gololi za juu na za chini katika makopo mbalimbali, na uzihesabu.

Osha kila kitu kwa mafuta ya taa, mbali na moto, ukaushe kwa kitambaa. Paka grisi safi kwa wingi katika vikombe, uzipange gololi ndani yake, grisi itazishika. Usizijaze mpaka zibanane. Acha nafasi ndogo zipate kuzunguka. Rudisha foku, urekebishe kama ulivyoelezwa. Shina la usukani liingie ndani si chini ya inchi 2½, kwani likiwa fupi laweza kung'oka au kuvunjika.

5. Kubadilisha vilivyochakaa

Gololi njema hung'aa na ni laini. Ukiona hata moja yenye doa au kutu, badilisha safu nzima, kwa kuwa gololi mpya ni kubwa kidogo kuliko zilizochakaa, nayo itabeba mzigo peke yake. Baisikeli nyingi hutumia gololi za inchi 5/32, lakini mpelekee muuzaji moja ya zamani kwa kulinganisha. Vikombe vyenye mashimo havitengenezwi kwa kukazwa. Nunua vipya, na umwombe fundi avigonge mahali pake visikae upande.

6. Mambo ya kuepuka

Usitie mafuta ya kupikia badala ya grisi; hugeuka gundi na kushika vumbi. Usimwagie kiungo maji kwa nguvu unapoosha baisikeli mferejini. Usitundike mikungu ya ndizi juu ya usukani, ifunge nyuma. Ili kuzuia tope, kata ukanda wa mpira wa ndani uliochakaa, uuvishe juu ya kikombe cha chini.

Wengine husema, “Baisikeli yangu yacheza kidogo tu, nitaitazama baada ya mavuno.” Lakini kila pigo huongeza shimo, na kila shimo huongeza pigo. Gololi chache na grisi kidogo ni gharama ndogo. Kuanguka katika kona ya mteremko, ukiwa na gunia mgongoni mwa baisikeli, huweza kukupotezea mzigo, na mguu, na msimu mzima. Basi pima leo, kabla hujafunga mzigo wa kesho.