Hukumu ya zamani: Kuificha kwa mwajiri kwaweza kugharimu kuliko kosa lenyewe

Na Mwandishi Wetu, Mpanda

KIJANA wa Litapunga anayekwenda mjini Mpanda kutafuta kazi hubeba bahasha yenye vyeti vya shule, barua ya utambulisho kutoka kwa mtendaji wa kijiji na majina ya wadhamini. Lakini yupo ambaye hubeba pia jambo asilotaka lijulikane, nalo ni hukumu ya mahakama ya miaka mingi iliyopita.

Tuchukue mfano wa mtu aliyetiwa hatiani miaka minane iliyopita kwa kuingia hifadhini bila kibali, akalipa faini na kurudi kwenye kilimo. Leo anaomba kazi ya ulinzi, na fomu inamuuliza: “Je, umewahi kutiwa hatiani kwa kosa la jinai?” Akiandika “ndiyo”, anahofia kwamba maombi yake hayatasomwa tena. Akiandika “hapana”, huenda akaipata kazi, lakini ataifanya huku akiogopa siku atakayogundulika.

Swali linauliza nini?

Jambo la kwanza ni kulisoma swali vizuri. Kukamatwa, kushitakiwa, kutiwa hatiani na kufungwa ni mambo manne tofauti. Aliyekamatwa na polisi kisha akaachiwa, au aliyeshitakiwa na mahakama ikamwona hana hatia, hajatiwa hatiani. Kwa swali la fomu hiyo, jibu lake la kweli ni “hapana”.

Kwa upande mwingine, wapo wanaodhani kwamba kwa kuwa hawakulala gerezani, basi hawana hukumu. Hilo si sahihi. Aliyelipa faini, au aliyepewa adhabu ya kufanya kazi za kijamii chini ya Sheria ya Huduma kwa Jamii ya mwaka 2002, alikwishatiwa hatiani. Kama fomu inauliza kuhusu kifungo pekee, hapo jibu lake ni tofauti.

Ukweli hujulikanaje?

Njia rasmi ni hati ya tabia njema inayotolewa na Jeshi la Polisi baada ya alama za vidole za mwombaji kulinganishwa na kumbukumbu zake. Njia isiyo rasmi ni majirani. Vijijini, anayeandika barua ya utambulisho na anayetajwa kuwa mdhamini mara nyingi ndio walioshuhudia mwenzao akipelekwa mahakamani. Mwajiri akiwapigia simu, siri huenda isidumu hata dakika tano.

Ikigundulika, kosa la zamani huwa si hoja kuu tena. Hoja inakuwa uongo. Kanuni za Utendaji Bora za mwaka 2007, zilizotungwa chini ya Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004, zinataja ukosefu mkubwa wa uaminifu miongoni mwa makosa yanayoweza kuhalalisha kuachishwa kazi. Aliyeghushi hati ili kuficha hukumu yake anajiongezea kosa jipya la jinai, ambalo chini ya Kanuni ya Adhabu laweza kumpeleka gerezani hadi miaka saba.

Taifa lilishuhudia jambo linalokaribiana na hili Aprili 2017, pale watumishi wa umma 9,932 walipotajwa katika ripoti ya uhakiki kuwa na vyeti vya kughushi. Wapo waliokuwa wamefanya kazi kwa miaka mingi. Muda huo haukuwaokoa, na ni mwaka 2022 tu ambapo Serikali iliamua warejeshewe michango yao ya hifadhi ya jamii.

Hata hivyo, mfanyakazi hapaswi kufukuzwa kiholela. Aliyefikisha miezi sita kazini ana haki ya kupewa sababu halali na kusikilizwa. Asiporidhika, anazo siku 30 za kupeleka shauri lake Tume ya Usuluhishi na Uamuzi (CMA).

Kosa lisilo na mwisho

Lakini lawama zote haziwezi kubebeshwa mwombaji. Sheria ya mwaka 2004 inakataza ubaguzi kazini kwa misingi kama kabila, dini, jinsia, ulemavu na maambukizi ya VVU. Hukumu ya zamani haimo katika orodha hiyo.

Nchini Uingereza, sheria ya mwaka 1974 inaruhusu hukumu nyingi kuhesabika kuwa zimekwisha baada ya muda maalumu, na mhusika halazimiki kuzitaja kwa waajiri wengi. Kazi nyeti, kama za kulea watoto, hazimo katika nafuu hiyo. Afrika Kusini nayo inaruhusu kumbukumbu za baadhi ya makosa kufutwa baada ya miaka 10. Tanzania haijatunga sheria ya jumla ya namna hiyo.

Msamaha wa Rais nao usichanganywe na kufutiwa hukumu. Desemba 9, 2017, wafungwa 8,157 walinufaika na msamaha. Nafuu hiyo ilihusu adhabu. Ukweli kwamba walikwishatiwa hatiani ulibaki.

Wazo la kupima kosa kwa muda si geni hapa nchini. Ibara ya 67 ya Katiba, inapotaja wasiostahili kuwa wabunge, inamgusa aliyefungwa kwa kosa la utovu wa uaminifu ndani ya miaka mitano kabla ya uchaguzi mkuu. Ikiwa Katiba inahesabu miaka kwa anayetaka kutunga sheria, ni haki kuuliza kwa nini anayetaka kulinda geti la ghala asihesabiwe.

Afanye nini mwombaji?

Kwanza, atafute nakala ya hukumu yake ili ataje kosa, mwaka na adhabu bila kubahatisha. Pili, aeleze kwa ufupi kwamba adhabu aliimaliza na kazi aliyoifanya tangu hapo. Tatu, amweleze mdhamini wake mapema, ili maelezo yao yasipingane. Nne, asome masharti ya tangazo, kwani vyombo vya ulinzi na usalama huwakataa wenye kumbukumbu za uhalifu.

Waajiri nao wajiulize kama kosa lina uhusiano wowote na kazi inayoombwa. Anayetupa kila fomu yenye neno “ndiyo” anawafundisha waombaji wanaofuata kuandika “hapana”, na mwisho wake ataajiri watu asiowajua.