Taa mbili langoni, mtaro wa mita 45: Jinsi ya kupiga bei ya kazi ya stima nje ya nyumba

Na MWANDISHI WETU

KAZI ndogo ya stima nje ya nyumba huanza kwa maneno mepesi. "Ni taa mbili tu langoni, fundi, na soketi moja ya pampu." Fundi hutupa jicho uani, huhesabu pointi tatu, kisha hutaja bei ile ile ambayo angetoza kwa pointi tatu za chumbani. Siku ya tatu mtaro umefika nusu, vibarua wanadai chao, naye mwenye nyumba anashangaa kuitishwa nyongeza.

Chanzo cha ugomvi huo ni desturi ya kupiga bei kwa pointi. Ndani ya nyumba desturi hiyo ina mantiki, kwa kuwa umbali kati ya pointi moja na nyingine haupishani sana. Nje, kinachokula pesa si taa wala soketi, bali ardhi iliyo kati yake na swichi kuu.

Tuchukue mfano wa ploti iliyoko Kitengela, ambako udongo mweusi wa mfinyanzi umetanda sehemu nyingi. Kutoka kwenye swichi kuu hadi langoni ni mita 45. Mtaro wenye upana wa sentimita 30 na kina cha sentimita 60 utatoa mita 8.1 za ujazo za udongo, ambao lazima uchimbwe, uwekwe kando, kisha urudishwe na kushindiliwa. Udongo huu ukiwa mkavu hupasuka na kuwa mgumu kama tofali. Ukilowa hunata kwenye jembe na kwenye viatu. Fundi aliyezoea udongo mwekundu wa Kiambu akipeleka bei yake huko bila kuirekebisha, atakuwa amejitoza faini mwenyewe.

Sasa tupige hesabu. Viwango vifuatavyo ni vya mfano tu. Kila mtu aweke vya kwake. Tuseme kibarua hulipwa Sh1,000 kwa siku na huchimba mita nane za mtaro huo. Vibarua wawili watamaliza mita 45 kwa siku tatu hivi, yaani Sh6,000. Siku ya nne ya kutandaza mchanga na kufukia ni Sh2,000 nyingine. Fundi mwenyewe, akijilipa Sh2,500 kwa siku, atatumia nusu siku kukagua na kununua vifaa, na siku mbili kulaza kebo, kuunganisha na kupima: Sh6,250. Nauli na usafirishaji wa vifaa tuseme Sh1,500. Jumla ni Sh15,750 kabla ya kununua hata msumari. Akiongeza asilimia kumi kwa ajili ya dharura, bei inafika Sh17,325.

Fundi aliyesema "nipe elfu sita" kwa kuwa ni pointi tatu, ameahidi kuwalipa vibarua Sh8,000 kutoka kwenye Sh6,000. Na hapo hatujagusa mwamba. Iwapo kibarua atafikia tabaka la mawe na kasi yake kushuka hadi mita tatu kwa siku, mtaro huo huo utahitaji siku 15 za mtu mmoja, na gharama ya kuchimba pekee itapanda kutoka Sh6,000 hadi Sh15,000.

Ndiyo maana uchimbaji unafaa kutengwa kwenye bei na kutozwa kwa mita. Kabla ya kutaja bei hiyo, fundi achimbe mashimo mawili au matatu ya majaribio kwa mtaimbo kwenye njia ya mtaro. Kazi hiyo haimalizi hata saa moja. Kisha aandike viwango viwili: cha udongo wa kawaida, na cha mwamba au zege. Mwenye nyumba anayekataa kiwango cha pili kwa hofu ya kuibiwa anaweza kukubaliwa kwa sharti kwamba kila mita ya mwamba itapimwa mbele yake.

Kuna wengine husema, mbona nisichimbe mwenyewe? Hakuna ubaya, mradi fundi akague kina kabla ya kebo kuingia. Hapa pana jambo ambalo wengi hawalioni: kibarua anayelipwa kwa mita huwa na kila sababu ya kufupisha kina, na anayelipwa kwa siku huwa na kila sababu ya kurefusha siku. Dawa ni kumlipa kwa mita na kumpa fimbo iliyokatwa futi mbili. Mahali ambapo fimbo haizami yote, mita hiyo haihesabiwi.

Kina hiki si matakwa ya fundi. Kanuni za Uingereza za BS 7671 hutaka kebo izikwe chini vya kutosha kuepuka madhara yanayoweza kutarajiwa. Kwa desturi hiyo huwa sentimita 45 mahali palipotulia, na 60 panapolimwa au kupita magari. Zile za Marekani hutaja inchi 24 kwa kebo nyingi zinazofukiwa bila bomba. Bei ikiwa finyu, kinachokatwa kwanza ni kina, na kinachofuata ni kebo yenyewe: waya wa ndani ya nyumba hutupwa kwenye mtaro wa futi moja mahali pa kebo yenye deraya ya chuma. Taa huwaka vizuri siku ya kukabidhi kazi. Mvua ya kwanza inapokuja, mtu huingia uani kupanda sukumawiki, na anayeshika jembe huwa si yule aliyekubali bei.

Vifaa navyo vina mitego yake. Kebo ya mita 45 haitoshi kwa mtaro wa mita 45, kwani inapanda ukutani kila upande na kuhitaji ziada ya kuunganishia. Katika udongo mweusi, unaovimba na kusinyaa, haifai kuvutwa ikakaza. Nunua mita 50. Mchanga wa sentimita 15 kuizunguka kebo, katika mtaro wetu, ni takriban mita mbili za ujazo, yaani zaidi ya tani tatu. Wengi husahau mchanga huo pamoja na gari la kuuleta. Utepe wa onyo unaolazwa juu ya kebo ni bei ndogo, usiachwe.

Unene wa waya pia hutegemea umbali. Pampu ya nguvu-farasi moja inayovuta ampea sita hivi kupitia kebo ya shaba ya milimita 2.5 za mraba yenye urefu wa mita 50 hupoteza volti 5.4 kati ya 240, jambo linalovumilika. Lakini injini inapowaka huvuta mkondo mara kadhaa zaidi. Ukiwa mara tano, upungufu huo hukaribia volti 27, na jioni volti za mtaani zinaposhuka, pampu hunguruma bila kuzunguka. Kwa milimita nne upungufu huwa kama volti 16. Tofauti ya bei ya kebo ni afadhali kuliko kuchimba mtaro mara ya pili. Vilevile, bei ijumuishe kile kifaa kinachokata umeme pindi miliampea 30 zinapovuja.

Mambo mengine ni ya kuandika kwenye karatasi ile ile ya bei. Nani atarudisha kabro zilizong'olewa? Mabomba ya maji na mkongo wa intaneti yamepita wapi? Barabara ya umma haikatwi bila kibali, na nyaya zinazofika kwenye mita ni za Kenya Power. Fundi hana ruhusa ya kuzigusa. Kwa mwenye nyumba, swali la kwanza liwe leseni ya Mamlaka ya Kudhibiti Kawi na Petroli (EPRA), inayohitajika chini ya Sheria ya Kawi ya 2019.

Kuhusu malipo, utaratibu usioleta maneno ni huu: pesa za vifaa zitangulie, za uchimbaji zilipwe mtaro ukishapimwa ukiwa wazi, na za fundi zikamilishwe baada ya vipimo. Mtaro upigwe picha kwa simu kabla ya kufukiwa. Fundi achore pia njia ya kebo, akionyesha umbali wake kutoka kwenye kona za nyumba, na abandike mchoro huo ndani ya mlango wa sanduku la swichi kuu.