Waliobaki Gombe

Usiku wa Mei 19, 1975, watu wapatao 40 wenye silaha walivuka Ziwa Tanganyika kwa mashua kutoka upande wa Zaire, wakashuka Gombe, mkoani Kigoma, na kuwateka vijana wanne waliokuwa wakisoma tabia za sokwe: Wamarekani watatu wa Chuo Kikuu cha Stanford na Mholanzi mmoja. Watekaji walikuwa wapiganaji wa Laurent Kabila, yule yule aliyekuja kuwa rais wa Kongo mwaka 1997. Mateka wote walirudi salama baada ya wiki kadhaa za majadiliano, lakini kambi ilishabadilika. Wanafunzi wa kigeni waliondolewa, na kwa miaka mingi wakawa hawaruhusiwi kuishi pale.

Kazi haikusimama. Wasaidizi wenyeji wa utafiti, kina Hilali Matama, Eslom Mpongo na Yahaya Alamasi, waliendelea kuamka alfajiri, kupanda miteremko na kuwafuata sokwe hadi wanapopanda viotani. Hilali hakuwa mwanagenzi. Januari 1974 ndiye aliyeshuhudia madume wa kundi la Kasekela wakimshambulia Godi wa kundi la Kahama, shambulio la kwanza la aina hiyo kuonwa na macho ya binadamu. Vita iliyoanzia hapo kati ya makundi hayo iliendelea hadi kundi la Kahama likafutika, na sehemu kubwa ya kumbukumbu zake iliandikwa kwa Kiswahili, kwenye karatasi za watu wa huku huku ziwani. Msomi yeyote wa dunia anayeitaja leo anasimama juu ya maandishi hayo.

Nawataja hao kwanza kwa sababu kila Kigoma inapozungumziwa kuhusu kujitolea kwa ajili ya wanyamapori, picha inayokuja ni ya kijana wa kizungu mwenye begi mgongoni akisubiri boti Kibirizi. Simlaumu kijana huyo. Hata mtafiti wa sokwe Jane Goodall alipofika Julai 14, 1960, akiwa na miaka 26, alikuja na mtu wa kumsaidia: mama yake, Vanne, kwa kuwa wakoloni walikataa binti akae porini peke yake. Mama huyo hakuwa na habari na sokwe. Alifungua zahanati ndogo kambini, akawa anagawa aspirini na kuosha vidonda vya wavuvi wa dagaa kwa maji ya chumvi. Kwa maoni yangu, hakuna aliyejitolea Gombe kwa akili kuliko yeye. Alitazama majirani wanaumwa nini, akaanzia hapo, na binti yake akapata ujirani mwema ambao barua ya serikali isingeuleta.

Nia njema peke yake imewahi kuleta madhara, tena papo hapo Gombe. Katika miaka ya 1960 sokwe walipewa ndizi kambini ili wasogee na waonekane vizuri. Walisogea kweli, wakajazana, wakagombana wao kwa wao na pia na nyani. Mtindo huo ulipunguzwa, mwishowe ukaachwa. Siku hizi mgeni anatakiwa akae mbali na sokwe, avae barakoa, na mwenye mafua asiende kabisa, maana mafua yetu yanawaua. Kwa hiyo anayetamani kumbeba mtoto wa sokwe na kumnywesha maziwa kwa chupa, Gombe si mahali pake. Afrika Kusini vijana wamelipa fedha nyingi kulea watoto wa simba kwa mtindo huo, na filamu ya Blood Lions ya mwaka 2015 ikawaonyesha walimwengu kwamba wengi wa simba hao wakikua huuzwa kwa wawindaji.

Kazi yenyewe iko nje ya mpaka wa hifadhi. Hifadhi haifiki kilomita za mraba 60, imebanwa kati ya ziwa na vijiji, Mwamgongo kaskazini na Mtanga kusini. Mwanzoni mwa miaka ya 1990 Goodall aliiona kutoka kwenye ndege, akakuta vilima vya nje vimebaki vipara: mihogo, michikichi, kuni, mkaa, na watu waliokimbia vita nchi jirani. Mradi wa uhifadhi wa TACARE ulipoanza mwaka 1994, wanavijiji hawakutanguliza miti. Walitaja afya, maji na shule. Somo la Mama Vanne, miaka 34 baadaye.

Baadaye vijiji vilipanga matumizi ya ardhi, vikatenga misitu yao na kuteua walinzi wao wa misitu. Hawa ndio wanaojitolea ninaotaka tuwajue. Mlinzi anapita msituni na simu mkononi, anaandika alichokuta: kisiki kibichi, tanuri la mkaa, kitanzi cha waya, kiota cha sokwe. Kigumu si kupanda kilima. Kigumu ni pale shamba jipya ndani ya msitu linapokuwa la shemeji yake, na jioni watakutana msikitini au kilabuni. Mgeni wa wiki tatu hawezi kuibeba kazi hiyo hata angetaka.

Mwaka 2025 serikali ya Marekani ilivunja shirika lake la misaada, USAID, lililokuwa mfadhili mkubwa wa uhifadhi wa sokwe magharibi mwa Tanzania. Oktoba mosi mwaka huo huo Goodall akafariki, akiwa na miaka 91. Wapo wanaosema wenyeji wataendelea tu, kama walivyoendelea mwaka 1975. Wanasahau kwamba kina Hilali walikuwa waajiriwa, walilipwa mshahara. Mlinzi wa kijiji ana mihogo inayongoja palizi, na kila siku anayoshinda msituni inatoka kwenye chakula cha nyumbani kwake. Kiingilio cha mgeni Gombe ni miongoni mwa vilivyo ghali zaidi katika hifadhi zetu za taifa. Fungu dogo la fedha hizo, likiingizwa kwenye akaunti ya serikali ya kijiji kwa ajili ya buti, bima ya afya na posho ya mlinzi, lingemfanya asitegemee uchaguzi wa Marekani.